Ephem ya Python: laibrari ya siku nyingi, na utunzaji wake ndo unanifanya niipe alama za juu

Swali la laibrari ipi nzuri ya kupiga hesabu za anga kwenye Python huwa linajibiwa kwa mkato sana, mtu anaambiwa "hiyo ya zamani achana nayo, chukua hii mpya", imeisha. Mi naona jibu hilo linamwonea anayeuliza na linaionea pia ephem, ambayo wengi wanaijua kwa jina la PyEphem. Nimeitumia kwa muda mrefu, halafu sehemu ya kazi yangu ni kuhakikisha pakeji ambazo programu zetu zinazitegemea haziangushwi kila Python mpya inapotoka, kwa hiyo naijua kama mtumiaji na naijua pia kwa upande wa pili, ule wa kuikompaili, kuitesti na kusoma kilichobadilika kabla ya kupandisha vesheni. Na ukiniuliza alama za juu naipa kwa ajili ya nini nakwambia moja kwa moja, kwa utunzaji wake. Kwa muundo hapana, muundo una mitego na nitaieleza yote ninayoiona ni ya hatari.

Kwanza yenyewe ni nini. Chini kabisa kuna kodi ya C inayoitwa libastro, hiyo ilitoka kwenye XEphem, programu ya kompyuta ya kuangalia anga aliyoiandika Elwood Charles Downey. Brandon Rhodes akaichukua ile kodi ya C akaivalisha Python juu yake, ndo ikawa ephem. Kwa hiyo hesabu zenyewe ni za mkono mmoja na mlango wa kuingilia ni wa mkono mwingine, na hilo ni muhimu kulijua manake ukikuta kitu cha ajabu inabidi ujiulize kiko upande gani. Leseni yake zamani ilikuwa LGPL, yenye masharti kiasi kwa anayeitumia, baadaye Downey akakubali XEphem iwe chini ya MIT, iliyo huru zaidi, na ephem nayo ikafuata, kwa watu wa kampuni hiyo ilikuwa ni habari njema sana kwa sababu kuna ofisi ukitaja LGPL tu mwanasheria anaitwa.

Kuinstoli ni pip install ephem, hamna faili la ziada la kushusha, hamna kinachohitajika kingine. Halafu unaandika hivi:

import ephem
hapa = ephem.Observer()
hapa.lat, hapa.lon = '0', '30'
hapa.date = '2026/3/20'
print(hapa.next_rising(ephem.Sun()))

Basi, umepata saa ya jua kuchomoza. Jua, Mwezi, sayari zote, Pluto bado yumo, miezi minne mikubwa ya Mushtarii yumo Io mpaka Callisto, nyota zenye majina yanayojulikana kama Vega unazipata kwa ephem.star, setilaiti unazisoma kwa mistari yake miwili ya TLE (namba zinazoeleza njia yake), na ukitaka kujua Zuhura leo iko kwenye kundi gani la nyota unaita ephem.constellation. Kwa mistari mitano mtu aliyeanza Python juzi anapata jibu la kweli kuhusu anga, na mi hicho kitu nakiheshimu sana, laibrari nyingi za kisayansi zinakutaka usome kurasa ishirini kabla hujaona namba ya kwanza.

Sasa mitego. Mkubwa kuliko yote ni pembe. Angalia pale juu nimeandika '0' na '30' zikiwa ndani ya alama za kunukuu. Ukiandika '30' kama maandishi, ephem inajua ni nyuzi 30. Ukiandika 30 kama namba tupu inachukua ni radiani 30 (kipimo kingine cha pembe), ambazo ni zaidi ya nyuzi 1,700, na haikupigii kelele yoyote, inaendelea na kazi na kukupa jibu lenye desimali nyingi za kupendeza ambalo halina maana. Tena ukiprinti pembe inakuonyesha kwa nyuzi na dakika, kwa hiyo machoni unaona nyuzi, ukiijumlisha na namba nyingine umejumlisha radiani. Yaani kitu kimoja kina sura mbili kutegemea umekishika vipi. Yote haya yameandikwa kwenye maelezo yake, hayajafichwa, ila nani anasoma maelezo kabla ya kukwama?

Mtego wa pili ni tarehe. Ndani ya ephem tarehe ni namba ya siku zinazohesabiwa kuanzia saa sita mchana tarehe 31 Desemba 1899. Ile tarehe 20 Machi 2026 usiku wa manane ni 46099.5. Ukiiprinti kama ilivyo inakuonyesha tarehe nzuri kabisa, ukiandika hapa.date + 1 unarudishiwa 46100.5 kavu, inabidi uifunge tena ndani ya ephem.Date ndo irudi kuwa tarehe. Na kila kitu ni UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, ukanda wa saa wa mtumiaji hauhusiki mpaka uugeuze mwenyewe. Hilo la UTC silihesabu kuwa kasoro, naona ni uamuzi wa busara, ila kila mgeni anajikwaa hapo.

La tatu naomba nikae nalo kidogo kwa sababu ndo linaleta malalamiko mengi yasiyo ya haki: "jua la ephem linachelewa au linawahi kuliko la kwenye jedwali". Jua linahesabiwa limechomoza pale ukingo wake wa juu unapogusa upeo wa macho, katikati yake bado iko chini. Halafu hewa inapinda mwanga, kwa hiyo tunaliona kabla halijafika kweli. Majedwali ya kituo cha anga cha jeshi la maji la Marekani, USNO, yanachukua dakika 34 za tao (dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja) kwa ajili ya mwanga kupinda na dakika 16 kwa nusu ya upana wa jua, jumla 50, ndo ile nyuzi 0.833 chini ya upeo unayoiona kila mahali. Ephem yenyewe inaanza na kanieneo ya hewa ya milibari 1010 na inapiga hesabu ya mwanga kupinda kutokana na hiyo kanieneo na joto ulilompa mtazamaji. Ni njia mbili tofauti, hakuna iliyo mbovu. Ukitaka zilingane unaweka hapa.pressure = 0 na hapa.horizon = '-0:34', ule upana wa jua ephem inauongeza yenyewe, na majibu yanakaa sawa na jedwali. Ukitaka mapambazuko ya kawaida unaweka horizon '-6' na unaiambia itumie katikati ya jua kwa use_center=True. Mistari miwili hiyo ingekuwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa maelezo ingeokoa watu wengi mno.

Na kwa wanaofuatilia mwezi, next_new_moon inakupa wakati ule Mwezi na Jua vinapokutana upande mmoja, siyo wakati hilali inapoonekana kwa macho. Kuonekana kunategemea umri wa mwezi, umbali wake kutoka kwenye jua, mwinuko wake baada ya jua kuzama, hewa, vyote hivyo. Ephem itakupa vipande vya kupigia hesabu hiyo, jibu lenyewe halitoi na halidai kulitoa. Nimeona programu za simu zinachukua ile namba moja kwa moja na kuandika "mwezi umeandama", jamani hapana.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Watu wanafikiri laibrari ya hesabu za anga ikishaandikwa imekwisha, manake sayari hazibadilishi njia. Kwa upande wa sayari ni kweli karibu yote. Tatizo liko kwa Dunia, na kwa kompyuta.

Dunia haizunguki kwa mwendo ule ule. Kuna muda laini unaotumika kwenye hesabu za sayari, na kuna muda unaofuata Dunia inavyojizungusha, tofauti ya hivyo viwili ndo inaitwa delta T. Mwaka 2000 ilikuwa karibu sekunde 64, sa hivi iko kwenye 69 hivi. Ya zamani tunaijua kwa kuipima, ya mbele tunakisia tu. Kuna fomula moja maarufu sana ya kukisia ambayo imenakiliwa kwenye laibrari nyingi za lugha mbalimbali, ukiweka mwaka 2020 inakupa sekunde 71.6. Iliyopimwa mwaka huo ilikuwa kama 69.4. Dunia iliongeza mwendo kidogo kuliko ilivyotegemewa, mpaka tarehe 5 Julai 2024 siku ilikuwa fupi kuliko masaa 24 kwa milisekunde 1.66. Sekunde mbili na kidogo unaweza kusema si kitu, lakini kwenye ikweta ardhi inakwenda kama mita 465 kila sekunde, kwa hiyo ukichora njia ya kupatwa kwa jua kwa fomula ile umesogeza mstari karibu kilomita moja. Kwa mtu aliyesimama pembeni kabisa ya njia, kilomita moja ndo tofauti ya kuona giza kamili na kutoliona. Hakuna aliyeharibu kodi hapo, fomula ni ile ile na testi zote zinapita. Imechakaa yenyewe ikiwa imekaa kimya. Ndo maana napenda kwamba ephem inakuruhusu kuiuliza, ephem.delta_t ukiipa tarehe inakwambia inatumia sekunde ngapi, unalinganisha na zile zinazotolewa na IERS, shirika la kimataifa linalofuatilia mzunguko wa Dunia, na unajua umesimama wapi.

Kuna pia sekunde za nyongeza kwenye UTC. Tangu 1972 zimeongezwa 27, ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2016, na mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo uliamua utaratibu huo ubadilishwe ifikapo 2035. Kila mtunzaji wa laibrari ya muda itabidi aguse kodi yake hapo. Mafaili yenyewe ya data nayo yanahama, kwa mfano CDDIS, ghala la data la NASA, iliacha kutoa mafaili kwa FTP isiyo na akaunti mwaka 2020, laibrari yoyote iliyokuwa imeandikiwa anwani ile ndani ya kodi ikaanza kuanguka kwa watu ambao hawakubadilisha hata herufi moja. Ephem haikuguswa na hilo kwa sababu haishushi kitu, kila inachohitaji kiko ndani yake. Hiyo ni faida na ni gharama kwa wakati mmoja, haikatiki intaneti ikikatika, ila jedwali lililomo ndani linazeeka mpaka vesheni mpya itoke.

Upande wa kompyuta ndo kazi ya kuchosha ambayo hakuna anayeisifia. Kwa kuwa ndani ni C, haitoshi kuandika kodi, inabidi ikompailiwe kwa kila vesheni ya Python, na Python mpya inatoka kila Oktoba, halafu mara Linux, mara Windows, mara Mac, na Mac zenyewe tangu 2020 zilipohamia kwenye chipu za Apple zikawa mbili. Zidisha. Asipofanya hivyo mtunzaji, wewe ukipiga pip inajaribu kukompaili palepale kwenye mashine yako, na mwanafunzi mwenye Windows isiyo na kompaila ya C anapata kurasa mbili za maandishi mekundu na anaamini yeye ndo hajui Python. Python 3.12 ilipotoka Oktoba 2023 iliondoa kabisa distutils, ambayo kwa miaka na miaka ndo ilikuwa njia ya kujengea pakeji za aina hii, na pakeji nyingi zilizokuwa hazina mtu zikafia hapo hapo. Ephem ilivuka. Ipo pia kwenye conda-forge (ghala lingine la pakeji) na kwenye Debian (aina ya Linux) kwa jina la python3-ephem, huko kuna watu wengine kabisa wanaoifungasha upya, nao wanastahili shukrani zao.

Kingine ninachokipenda sana ni testi zake. Fungua folda ya testi utakuta namba zilizotoka JPL (maabara ya NASA inayopiga hesabu za njia za sayari) na zilizotoka USNO, na laibrari inalazimishwa kulingana nazo ndani ya mipaka. Mifano iliyoko kwenye maelezo nayo inaendeshwa kama testi, yaani ukurasa unaousoma wewe kama mtumiaji umepitishwa kwenye mashine, jibu lililoandikwa pale ndilo kweli linalotoka. Ukishawahi kufuata maelezo ya laibrari ambayo mfano wa kwanza tu hauendeshi utajua thamani ya hilo. Na orodha ya mabadiliko inaandikwa kwa sentensi za binadamu, inakwambia nini kilikuwa kinakosewa, nani ataguswa. Nikitaka kupandisha vesheni nasoma hapo kwanza, na mara nyingi nikimaliza kusoma nishajua testi zangu zipi zitabadilika.

Halafu ukifungua ukurasa wake wa mwanzo unakuta kitu ambacho biashara nyingi haziwezi kukifanya: mtunzaji mwenyewe anakwambia kama unaanza mradi mpya usiichukue hii, chukua Skyfield, ambayo pia ni yake. Na papo hapo anasema ephem itaendelea kurekebishwa makosa makubwa na kuhamishiwa kwenye kila Python mpya. Sentensi mbili hizo ndo mkataba mzima. Hajaizika ili watu wahame kwa nguvu, wala hajaahidi vitu vipya asivyoweza. Nimeona laibrari nyingine nyingi tu ambazo mwenyewe kanyamaza, maombi ya marekebisho yamejaa, huelewi kama amechoka au yuko likizo, unabaki unakisia.

Na Skyfield ni nzuri kweli, tusidanganyane. Hiyo haina C ndani yake, ni Python na NumPy (laibrari ya hesabu), inasoma mafaili ya JPL yenyewe ya mahali sayari zilipo, kwa mfano DE421 ni kama megabaiti 17 na linafunika 1900 mpaka 2050, ukitaka zaidi kuna DE440 inayoanzia 1550 mpaka 2650 kwa megabaiti mia na kitu, na DE441 ya maelfu ya miaka ambayo inakula gigabaiti kama 3. Pembe zake ni kitu kinachojua kipimo chake, unaomba degrees au radians kwa jina, na ukiomba nyuzi kwenye pembe iliyokusudiwa kusomwa kwa masaa inakukatalia kwa sauti. Ukiipa tarehe iliyo nje ya faili inakataa pia, haikisii. Yaani ule mtego wangu wa kwanza wote umezibwa. Usahihi nao hauko daraja moja, ephem ni ya mambo ya zamani kidogo, kwa kazi ya kuelekeza darubini ya nyumbani, saa ya jua kuzama, kalenda, paneli za sola, hutaona tofauti, lakini kwa kazi ya kisayansi inayotaka vipande vidogo vya sekunde ya tao usijitese, nenda Skyfield au Astropy, laibrari nyingine ya Python ya mambo ya anga.

Ephem inakoshinda ni kwenye udogo. Kifaa kidogo kinachowasha taa jua likizama, hakina intaneti, hakina nafasi ya NumPy, kimefungwa juu ya nguzo na hakuna atakayepanda kukigusa kwa miaka, hapo sitaki faili la megabaiti 17 linaloisha muda wake, nataka ephem. Na mifumo ya zamani inayofanya kazi vizuri siioni sababu ya kuibomoa eti kwa kuwa kuna kipya, muda huo tumia kuandika testi.

Malalamiko yangu yaliyobaki: natamani pembe ya namba tupu ingetoa onyo hata moja tu, najua haiwezekani kubadilisha bila kuvunja programu za watu wa miaka mingi na naelewa kwa nini hakufanya, lakini natamani. Natamani pia majina kama a_ra, g_ra na ra (ra ni moja ya namba mbili zinazoonyesha mahali pa kitu angani) yangekuwa yanajieleza, manake moja ni mahali pa nyota kwenye ramani, la pili ni panavyoonekana kutoka katikati ya Dunia, la tatu ni kutoka pale uliposimama, na kwa Mwezi tofauti ya hilo la pili na la tatu inaweza kufika karibu nyuzi moja nzima, ambayo ni upana wa Mwezi mara mbili hivi. Mtu akichukua lisilo lake hataambiwa.

Nyota nne kati ya tano kwa ephem kama bidhaa, na tano kamili kwa utunzaji. Kama tayari unayo kwenye mfumo wako, fanya hivi kabla hujapandisha vesheni: chagua tarehe chache, weka na moja ya mbali mbele, hifadhi majibu ya kuchomoza na kuzama kwa Jua na Mwezi, hifadhi na delta_t ya tarehe hizo, pandisha, linganisha. Majibu yakisogea kwa sekunde moja au mbili soma orodha ya mabadiliko, karibu kila mara sababu imeandikwa. Yakisogea kwa dakika, angalia kwanza kodi yako uliiwekaje pressure na horizon kabla hujamwandikia mtunzaji.